Mnadi na Mashine ya Kusemea

Baba yake Masalio alikuwa mnadi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Mnadi, kana kwamba hakuzaliwa na jina jingine. Kazi yake ilikuwa kuuza kwa mnada vitu vya watu walioshindwa na maisha: makochi, majokofu, cherehani, mara nyingine kitanda na shuka zake. Wenzake katika kazi hiyo waliuza tu. Yeye aliuza na kusimanga. Alikiinua kiti cha mtu juu, mwenye nacho akiwa amesimama palepale, macho yamemwiva, akasema, "Tazameni, kina miguu minne na yote mizima. Aliyekikalia ndiye mbovu!" Umati uliangua kicheko, bei ikapanda, na mwenye kiti akajipenyeza katikati ya watu akaenda zake bila kuaga.

Sauti hiyo hakuiacha kazini. Jioni aliingia nayo ndani na kuketi nayo mezani, na pale aliwanadi watoto wake. "Haya, nani anamtaka huyu? Macho mawili, masikio mawili, kichwani upepo mtupu. Bei ya kutupa!" Mtoto wa kwanza, msichana, alijifunza mapema kula haraka na kuondoka. Wa pili, mvulana na wa mwisho, hakujifunza. Alibaki ameduwaa, kijiko mkononi, akingoja baba acheke kisha amwambie ulikuwa utani. Baba alicheka. Kwamba ulikuwa utani, hakusema. Akampa jina la Masalio, yaani kile kinachobaki uwanjani baada ya mnada, ambacho hata kwa bure hakuna anayekibeba. Jina likamganda. Hata mama yake, aliyempenda kama mboni ya jicho, alimwita Masalio, ila kwa sauti laini, kana kwamba ule ulaini ungefuta kilichomo.

Masalio alipokua akawa fundi kompyuta. Alipanga chumba chembamba nyuma ya duka la simu, chenye meza, taa moja kali na rafu zilizojaa mizoga ya mashine zilizotupwa na maofisi. Alikuwa fundi mzuri wa kawaida. Siku nyingine alifufua, siku nyingine aliua kabisa. Hakuoa. Aliendelea kuishi nyumbani, chumba cha uani, na kila mtu alipomuuliza kwa nini hahami alisema anamwangalia mama.

Kiharusi kilimkuta Mnadi kazini, katikati ya sentensi. Alikuwa ameinua pasi ya mwanamke mmoja aliyefiwa na mume, akasema, "Nani atanyoosha..." kisha mdomo ukaenda upande na pasi ikamponyoka. Watu walicheka. Walidhani ni mbwembwe zake. Wakaendelea kucheka hata alipokuwa chini, mpaka mmoja wao alipoona mkojo unatambaa kwenye sakafu.

Alirudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, upande wa kulia wote umekufa na ulimi umekufa nao. Akili ilikuwa nzima. Hilo daktari alilisisitiza kama habari njema. "Anaelewa kila kitu," alisema. "Kusema tu ndiko kumekwenda." Mkono wa kushoto ulibaki, lakini hakuwahi kuandikia huo, na kila alichojaribu kuchora kilionekana kama nyaya zilizokatika.

Dada mtu, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alirudi nyumbani kusaidia. Na hapo nyumba ile ikaanza kitu ambacho haikuwahi kukijua. Ikanyamaza. Mama alianza kuimba chini chini akiosha vyombo, nyimbo za kanisani na za ngoma zikichanganyikana, mwenyewe hana habari kwamba anaimba. Jirani yao, mshona nguo, ambaye zamani aliishia mlangoni, sasa aliingia mpaka sebuleni na kazi yake mkononi, akakaa na mama kutwa, wakicheka mambo ya ujana wao. Mnadi alikaa dirishani kwenye kiti chake. Aliguna. Walimlisha, wakamfuta kidevu, wakarudi kwenye maongezi.

Mtu mmoja tu hakufurahia kimya kile. Masalio aliporudi kutoka kazini alikaa mbele ya baba yake na kumtazama. Alikuwa na jambo lake moyoni ambalo hakumwambia mtu: alitaka kusikia baba yake anasemaje juu yake sasa, baada ya kubebwa naye bafuni, kukatwa kucha naye, kugeuzwa naye kitandani. Neno moja zuri. Aliamini lipo, limekwama tu kooni pamoja na mengine.

Kwanza alimpa simu yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Herufi zilikuwa ndogo, kidole kikatetemeka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kike, kavu, inayotamka Kiswahili kama inatafuna kokoto. Mnadi aliisikiliza mara moja, akairusha simu ukutani.

"Umeona?" dada mtu alisema, akiokota vipande. "Muache."

"Nitamtengenezea kompyuta. Ndogo, ya kukaa kwenye kiti chake. Yenye sauti ya mwanaume."

Dada akasimama na vipande vya simu kiganjani. "Masalio, sisi tangu tuzaliwe hatujawahi kupumua humu ndani. Sasa tunapumua. Wewe unakwenda kumnunulia sauti? Una akili timamu kweli?"

"Ni baba yetu."

"Najua ni nani. Ndiyo maana nasema."

Wakamgeukia mama. Mama alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Fanya unavyoona, mwanangu," alisema, bila kumwangalia.

Masalio akajifungia na kazi ile kama mtu aliyepata mchumba. Sauti aliyoitaka ilipatikana. Kulikuwa na programu iliyoweza kusema Kiswahili kama binadamu, kwa pumzi na vituo vyake, lakini ilikuwa nzito, na ilihitaji prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu ya kuipika kila sentensi kabla ya kuitamka. Na nguvu inakula umeme. Umeme wa mtaa ule ulikuwa wa kuja na kuondoka, kwa hiyo mashine ilipaswa kuishi kwa betri siku nzima. Juu ya hayo Mnadi hakuvumilia muungurumo wowote karibu na sikio lake, hivyo feni haikuruhusiwa. Bila feni, prosesa ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe isiungue.

Aliweka prosesa tatu mezani. Ya kwanza aliitoa kwenye kompyuta kubwa ya ofisi. Ilisema sentensi kabla hujamaliza kuiandika, lakini ilikausha betri kabla ya mchana na ilichoma kama jiko. Ya pili ilikuwa ndogo na rahisi, haikuwa na joto wala njaa, lakini sauti ilitoka kwa kigugumizi, neno, kimya, nusu neno, na Masalio alijua baba yake angeitupa kama alivyoitupa simu. Ya tatu ilitoka kwenye mashine ya kulipia ya duka lililofungwa. Ilikuwa ya bei ya chini, ya zamani kidogo, iliyotengenezwa ili ikae kutwa inafanya kazi ndogo bila kulalamika. Hakuna fundi mwenzake aliyeitaka. Akaichagua hiyo.

Kisha akaanza kuipima kama mama anayezoesha mtoto uji. Alipunguza umeme unaoingia kwenye prosesa kidogo, akaisemesha sentensi ndefu, ikasema. Akapunguza tena, ikasema. Akapunguza tena, ikaganda, kioo kikawa cheusi. Akarudi nyuma hatua moja na kuiacha hapo, mahali inapokula kidogo kabisa bila kuzirai. Alilibana juu yake bamba la alumini lililotoka kwenye redio mbovu, ili joto litoke taratibu. Akaiwekea dari ya kasi, isiruke juu kupita kiasi ikajichosha. Kibodi aliitengeneza kwa vitufe vikubwa vya kidole kimoja. Aliposikia sentensi ikitoka safi, nzito, ya mwanaume wa makamo, na bamba likiwa vuguvugu tu kama shavu la mtoto, machozi yalimlenga.

Siku ya kuifunga walikuwepo wote: mama, dada, na mshona nguo aliyekuja kushuhudia. Masalio aliikaza kwenye mkono wa kiti kwa skrubu, akamwonyesha baba yake jinsi ya kubonyeza. "Andika chochote, Baba. Ukimaliza bonyeza hiki kikubwa."

Mnadi aliandika kwa muda mrefu. Kidole kilikwenda, kikasita, kikarudi. Mama alikuwa ameshika mikono yake kifuani. Kisha Mnadi akabonyeza kile kikubwa, na mashine ikavuta pumzi yake ya bandia.

"Kumbe mlikuwa mnafurahi," ilisema.

 Mshona nguo aliokota sindano yake sakafuni. Mnadi akaandika tena, akiwatazama mmoja mmoja.

"Nilikuwa nasikia kila kitu."

Kuanzia hapo sauti ilirudi kwenye nyumba, na ilirudi na deni lote la miezi ya ukimya. Tena ilikuwa mbaya kuliko ya zamani. Ya zamani ilichoka, ilikohoa, ilikwenda kulala. Hii haikuchoka. Ilikuwa na utulivu wa mtangazaji wa redio, na kwa utulivu huohuo ilimwambia dada mtu kwamba mume wake hakumwacha, alimrudisha dukani. Ilimwita mama kila alipokaa. Maji. Mto. Mguu. Mto tena. Akiketi tu, "Umeketi?" Nyimbo za jikoni zikakoma.

Mshona nguo alidumu siku chache. Mchana mmoja alikuwa anamwonyesha mama gauni alilokuwa analimalizia, akicheka na pini mdomoni, na sauti ikasema kutoka dirishani, "Haya, nani anamchukua huyu? Tumbo la uzazi halijawahi kutumika. Bado liko kwenye karatasi yake."

Mwanamke yule alitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kitambaa chake. Alikunja gauni. "Nitakuja siku nyingine, shoga," alimwambia mama. Hakuja tena. Mama alimfuata mpaka kizingitini, akabaki amesimama pale, huku nyuma yake sauti inaomba maji.

Na Masalio? Kwake Mnadi hakusema lolote. Hilo ndilo lililomkata maini. Aliibana skrubu iliyolegea, akafuta vitufe, akabadilisha betri, na baba yake alitazama nje ya dirisha. Siku moja uvumilivu ukamwisha. "Baba, mashine unaionaje?"

Mnadi akaandika. Masalio akapiga magoti karibu na spika, kama mtu anayengoja kuwekewa mkono kichwani.

"Ya bei rahisi," mashine ikasema. "Inajulikana aliyeitengeneza."

Kisha likaja joto. Kulikuwa na siku ambazo hata kuta zilitoa jasho, na jua la alasiri lilimwangukia Mnadi na kiti chake dirishani. Prosesa ikapata moto ikajipunguza kasi yenyewe. Mnadi aliandika tusi, akabonyeza, na mashine ikakaa kimya ikilipika. Mama alikuwa ameshatoka kwenda jikoni. Sauti ilipotoka ilikuta sebule tupu. "We mwanamke, unatembea kama gunia," ililiambia kabati.

Jikoni, mama na dada walitazamana. Mama akafunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka. Masalio aliyekuwa mlangoni alikiona kicheko kile, na papo hapo wazo likamwingia, likakaa kama lilikuwa na kiti chake humo siku zote.

Alisema mashine inahitaji kusafishwa, akaenda nayo kwenye chumba chake cha kazi. Alifungua yale mapimo aliyoyatafuta kwa mapenzi, akateremsha dari ya kasi. Kidogo tu. Alipoirudisha, kila sentensi ilichelewa kiasi cha mtu kusimama na kutoka. Juma lililofuata akateremsha tena. Baadaye akaizima mikono mitatu kati ya minne ya prosesa ile, yaani sehemu zake za kufanyia kazi, ikabaki inafanya kazi kwa mmoja. Sasa kati ya kubonyeza na kusikika mtu angeweza kufagia chumba. Sentensi nyingi zilijipanga foleni ndani ya mashine, na zilitoka moja moja kwa utulivu uleule, zikiwatukana watu waliokwisha ondoka, zikiomba maji yaliyokwisha nywewa.

Mnadi aligonga meza ya kiti kwa ngumi yake ya kushoto. Aligonga na kuguna. Mwanzoni waligeuka, baadaye wakazoea, kama unavyozoea bati linalopigapiga kwa upepo.

"Ni prosesa, Baba," Masalio alimwambia, akijikuna shingo. "Ni ya bei rahisi. Uwezo wake ndio huo."

Na alikuwa na furaha. Tusiseme uongo juu yake. Alirudi nyumbani mapema ili aone. Alisimama ukumbini, mgongo ukutani, akamsikiliza baba yake akiandika kwa hasira, kisha kimya, kisha neno likianguka mahali pasipo na mtu. Dada naye aliingia kwenye mchezo. Alimsogelea mzee, akasema kwa adabu zote, "Unasemaje, Baba? Sisikii," akasubiri kidogo, akaenda zake. Walichekea jikoni hadi kushikana mikono, wao ambao utotoni hawakuwahi kucheka pamoja ndani ya nyumba ile.

Alasiri moja Masalio alikuwa pale ukumbini sauti iliposema, "Tafadhali."

Alidhani amesikia vibaya. Hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kwa baba yake, si kwa mtu, si kwa mbwa. Akangoja. Ndani, prosesa ilikuwa inahangaika na mkono wake mmoja.

"Tafadhali, Masalio. Iongeze kasi. Nakuwa kama sipo."

Masalio aliegemea ukuta. Alijua kinachotakiwa ni dakika chache tu za kazi. Alijua pia kwamba hili ndilo lililo karibu zaidi na neno zuri ambalo atawahi kupewa. Akajikuta anatabasamu. Akavua viatu ili visisikike, akapita kwenda chumbani kwake.

Kilichotokea kilitokea mchana, siku ya kufua. Masalio alikuwa kazini. Dada alikuwa uani na mabeseni yake, redio imewashwa. Mama alipanda juu ya stuli sebuleni kufungua pazia lililotakiwa kufuliwa. Stuli ikateleza. Mama akaanguka kwa ubavu, na mfupa wa nyonga ukavunjika kwa mlio ambao Mnadi, mita chache tu kutoka pale, aliusikia vizuri. Akapoteza fahamu, au karibu na kupoteza, kichwa kikiwa chini ya meza.

Mnadi akaandika. Akabonyeza. Mashine ikanyamaza.

Akaandika tena, akabonyeza. Akagonga meza kwa ngumi. Akaguna kwa nguvu zake zote, mate yakimwagika kifuani. Uani, dada alizisikia ngumi. Aliongeza sauti ya redio. Mnadi akaandika tena na tena, kila mara akidhani ile ya kwanza haikuingia, na zote ziliingia, zikajipanga.

Sauti ya kwanza ilipotoka dada alikuwa anakamua shuka. "Mama yenu kaanguka," iliita, bila haraka yoyote. "Njooni."

Dada alidhani ni hila. Alitundika shuka lile kwanza.

Masalio alipigiwa simu. Alipofika nyumbani gari lilikuwa limeshamchukua mama, na dada ameondoka naye. Mlango uko wazi, stuli imelala upande, kanga ya mama iko sakafuni na alama ya unyevu. Baba yake alikuwa peke yake dirishani, mkono umeanguka juu ya vitufe, ngozi ya vifundo vya ngumi imechubuka. Na mashine ilikuwa bado inaita.

"Mama yenu kaanguka. Njooni."

Kimya. Prosesa inapika.

"Mama yenu kaanguka. Njooni. Anatoka damu."

Masalio alisimama katikati ya chumba. Angeweza kuizima. Hakujua kwa nini hakuizima. Alisikiliza foleni yote mpaka ikaisha, na ilikuwa ndefu, na ya mwisho haikuwa na mama ndani yake tena. Ilisema tu, "Kuna mtu?"

Usiku haujaingia alikuwa ameshaifungua na kuirudishia mikono yake minne na dari yake ya zamani.  Alipoirudisha kwenye kiti, Mnadi aliandika neno moja kuijaribu, na likatoka papo hapo. Mzee akatulia. Akaitazama mashine, akamtazama mwanawe. Alikuwa ameuza vitu vibovu kwa watu maisha yake yote. Alizijua hila za bidhaa.

"Leo ina kasi," mashine ikasema.

"Nimeifuta vumbi, Baba."

Kidole kikatembea polepole.

"Vumbi," mashine ikasema.

 Siku ile wala nyingine hakuligusa tena jambo hilo, na Masalio aliyengoja kila asubuhi kutukanwa alinyimwa hata hilo.

Hospitalini, kwenye benchi la ukumbini, dada alimnong'oneza, "Mashine ni yako. Mimi sikugusa kitu."

"Na ngumi alizogonga, nilizisikia mimi?"

"Ulinifundisha nisizisikie."

"Ulitundika na shuka. Umesema mwenyewe."

Dada akamtemea mate kwenye kiatu. Wakakaa vilevile, bega kwa bega, kwa sababu benchi lilikuwa moja, mpaka daktari alipotoka. Nyonga ingeunganishwa, alisema, lakini mama alikaa chini muda mrefu mno, damu imepungua, na umri ni umri. Kutembea, wasahau.

Walipomrudisha nyumbani ilibidi kitanda chake kiwekwe sebuleni, maana dada alikuwa mmoja na wagonjwa wawili, na alikataa kukimbizana baina ya vyumba. Kitanda kikakaa ukutani, kiti cha Mnadi dirishani, na kati yao hatua chache za sakafu ambazo hakuna kati yao aliyeweza kuzivuka.

Mwanzoni Mnadi alimtazama tu mkewe. Siku kadhaa mashine haikusema zaidi ya maji na chakula, na Masalio akaanza kujipa moyo kwamba labda mzee kajifunza. Kisha asubuhi moja, dada anamgeuza mama naye mama anauma mto asilie, sauti ikatoka, safi, ya kupendeza, bila kuchelewa hata chembe.

"Haya, nani anamchukua huyu? Mguu mmoja unafanya kazi. Mwingine wa maonyesho."

Ikawa hivyo kutwa. Mama hakuwa na jikoni tena pa kukimbilia, wala kizingiti cha kusimama. Aliyasikia yote, neno kwa neno. Mashine ilikaa na chaji siku nzima, vuguvugu, bila kukwama. Kwa kazi ya fundi, haikuwa na kasoro.

Jumapili moja Masalio alikuwa anamlisha mama uji. Mnadi alikuwa amesinzia, kidevu kifuani. Mama alikishika kifundo cha mkono cha mwanawe, kijiko kikabaki hewani.

"Irudishe," alinong'ona.

"Nini, mama?"

"Kama ulivyokuwa umeifanya. Ile ya kuchelewa. Irudishe."

Uji ulimwagika kidogo shukani. Masalio aliufuta, akafuta tena mahali palipokwisha kuwa pakavu. "Ulikuwa unajua?"

"Nimeolewa na sauti ile kabla hujazaliwa. Nikose kujua ikiteguka?"

"Mama, wewe ulilala pale chini..."

"Nililala," mama alisema. "Nilikuwa nasikia akibonyeza. Nilijua anaita." Alifumba macho kidogo. "Kulikuwa kimya, mwanangu. Hujui kulivyokuwa kimya."

Masalio aliweka bakuli chini. Alitaka kusema ndiyo. Aliiona tena kanga sakafuni, akaisikia ile foleni. "Siwezi," alisema. "Ikitokea jambo lingine. Siwezi, mama. Nisamehe."

Mama aliuachia mkono wake. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Aligeuza uso ukutani, taratibu, kwa sababu kila kugeuka kulimuuma.

Nyuma yao vitufe vikaanza kugonga. Mnadi alikuwa ameamka.

"Mnanong'ona nini?" mashine iliuliza.

Masalio alifungua mdomo, lakini mama alimtangulia, akiwa vilevile ameelekea ukutani, kwa ile sauti ya kunyenyekea aliyokuwa ameiacha siku za ukimya na sasa ameiokota tena.

"Hakuna kitu, baba watoto," alisema. "Anakuja kukupa maji."